Hodi katika uwanja usio na mwenyeji

Mama yangu amepanda ndege ninayoirusha mimi mara moja tu, kutoka Arusha kwenda Kogatende, kule kaskazini mwa Serengeti karibu na mto Mara. Tulipotua hakuulizia simba wala nyumbu. Aliulizia mnara. Ule wa Arusha alikuwa ameuona asubuhi ile. Nilimwonyesha kwa kidole kwamba mle ndimo anamokaa aliyeniruhusu kuruka. Kogatende aliangaza huku na huku akaona njia ya changarawe, soksi ya upepo, na Land Cruiser zimejipanga kusubiri wageni.

"Huyu wa hapa aliyekuruhusu kutua yuko wapi?"

"Hapa hayupo, mama. Najitangaza tu redioni."

"Unamtangazia nani?"

"Yeyote aliye angani jirani."

"Aa, unapiga hodi." Akanyamaza kidogo, akajifunga mtandio vizuri kwa sababu ya upepo. "Sasa karibu anaitikia nani?"

Nilicheka, nikabeba begi lake. Nimefanya mitihani mingi ya urubani, ya kuandika na ya angani, na hakuna mtahini aliyewahi kunibana namna ile.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kule mbele, mambo yenyewe yako hivi. Penye mnara, rubani huomba na mwongozaji hutoa. Mwongozaji ndiye mwenye foleni: wewe tangulia, wewe zunguka, wewe subiri hapo hapo. Pasipo na mnara foleni tunaipanga wenyewe kwa kusikilizana kwenye masafa mamoja ya redio. Ukibakiza maili 10 hivi unabonyeza kitufe, unataja jina la kiwanja, wewe ni ndege gani, uko upande gani, futi ngapi, unakusudia nini, halafu unalitaja jina la kiwanja tena. Unaingia kwenye mzunguko wa kutua, ambao kwa kawaida ni wa kushoto na uko futi 1,000 hivi kutoka ardhini, na kila kona unajitangaza upya. Pande za mzunguko huo tunaziita kwa majina ya Kiingereza yaliyokwisha kulainika midomoni mwetu: dauniwindi, unapokwenda sambamba na njia huku upepo ukikusukuma mgongoni, beisi, unapokata kona kuifuata njia, na fainali, unapokuwa umeinyookea.

Msidhani hii ni shida ya porini kwetu. Marekani ina viwanja vya umma takribani 5,000, na vyenye minara ni kama 500 tu. Tena huko kwenye vingi visivyo na mnara sheria haimlazimishi rubani kuwa na redio kabisa. Kuna wazee wanaorusha ndege ndogo za Piper za miaka ya 1940 zisizo hata na betri, na wanayo haki ya kutua kama wewe. Na juu kabisa, ndege kubwa za abiria zinapokatiza sehemu za Afrika ambako kumpata mwongozaji ni kubahatisha, marubani wake hutangaziana wenyewe kwa wenyewe kwenye masafa ya 126.9. Hodi inapigwa hadi futi 35,000.

Redio yenyewe ni ya kizamani. Ni ya AM, na watu huniuliza kwa nini tusihamie FM yenye sauti safi kama ya stesheni za muziki. FM ina ubabe wake: wakisema wawili kwa pamoja, mwenye nguvu humfunika mnyonge, na msikilizaji hajui hata kama kuna aliyefunikwa. Kwenye AM wakigongana unasikia mlio mkali, na unajua hapo wameongea wawili. Maneno yamepotea, ila habari ya kwamba yamepotea umeipata. Halafu mawimbi yake huenda kwa mstari ulionyooka kama macho. Ukiwa futi 5,000 juu ya tambarare unasikika maili 80 na zaidi. Ukiwa umeegesha nyuma ya kilima, aliye ng'ambo ya kilima hakusikii. Kwa hiyo aliye juu anasikia kelele za viwanja kumi, na aliye chini, yule anayekaribia kuruka, huenda hasikii kitu.

Mimi nilijifunza kazi hii Missouri, Marekani. Mwalimu wangu alikuwa mtu mzima, mpole, wa kubeba kahawa yake kwenye chupa kila safari. Siku moja alinipeleka Quincy, ng'ambo ya mto Mississippi, upande wa Illinois. Uwanja uko katikati ya mashamba. Nikiwa maili 10 nikajitangaza vizuri tu, kisha nikamalizia kwa maneno niliyoyaokota kwa wenzangu: ndege yoyote iliyopo eneo hili naomba ijitambulishe. Nilijiona nimekuwa mkubwa.

Mwalimu hakusema kitu mpaka tukatua na injini ikazimika. Hapo akaniambia kwamba sentensi ile mamlaka ya anga ya nchi yake imeandika isitumike. Wakikuitikia watano kwa mpigo hutamsikia hata mmoja, na asipoitika mtu utajiaminisha kwamba hapana mtu. Kisha akanitembeza hadi ukingoni mwa lami, akanionyesha kwa mbali mahali njia mbili zinapokatana.

Novemba 19, 1996, giza likianza kuingia, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900C ilikuwa inakuja kutua pale, imetokea Chicago kupitia Burlington, Iowa. Ndani mlikuwa na abiria 10 na marubani wawili. Walikuwa wanatua njia 13. Kwenye njia 04, inayoikata ile, kulikuwa na ndege nyingine, King Air, yenye watu wawili, tayari kuruka, na nyuma yake Piper Cherokee ndogo ikisubiri zamu. Marubani wa ile 1900 walifanya yote tunayofundishwa. Walianza kujitangaza wakiwa mbali, wakaendelea kujitangaza. Waliposikia King Air inaingia njiani hawakukaa kimya; rubani mkuu, mwanamke, aliuliza waziwazi: aliyeko njia 04 anasubiri au anaruka?

Aliyejibu alikuwa rubani wa Cherokee. Alitaja namba ya ndege yake, akasema anasubiri kuruka njia 04, akaitaja King Air iliyokuwa mbele yake. Lakini katikati ya maneno yake, ndani ya 1900 kifaa cha tahadhari ya ardhi kikatamka kimo, futi 200, na sauti hiyo ikakifunika kipande cha jibu. Masikioni mwa marubani wale kilichobaki ni kusubiri, na King Air. Wakashukuru, wakasema watayapita makutano sasa hivi. Wa Cherokee hakuwasahihisha. King Air haikusema neno, ikaanza kukimbia.

Zilikutana pale pale makutanoni. Walikufa watu wote 14. Kinachoniuma zaidi ni kwamba mgongano wenyewe haukuwaua wale wa ndani ya 1900; mlango haukufunguka, moshi ukawamaliza, na uwanjani hapakuwa na zimamoto. Wachunguzi walitupa lawama kubwa kwa King Air, kwamba hawakuyasikiliza masafa ipasavyo wala hawakuangalia. Ile sauti ya Cherokee iliyokatika ikatajwa miongoni mwa sababu zilizochangia.

Hilo ndilo jibu la swali la mama, ingawa mwalimu wangu alilitoa miaka mingi kabla mama hajauliza. Karibu iliitikiwa na mgeni mwenzao, aliyesimama barazani naye akisubiri. Hakuwa muongo, alikuwa anajieleza yeye mwenyewe. Ila hakuwa na nyumba ya kumkaribishia mtu.

Tangu siku ile nina tabia ambayo marubani wenza huiona ya kero. Nikimuuliza mtu swali redioni, jibu lisilo na namba ya ndege niliyoiuliza nalihesabu kuwa ni kimya. Nauliza tena. Nikikosa mara ya pili naondoka pale, napanda, nazunguka, mafuta yakiungua na abiria wakitazama saa zao.

Kuna ajali nyingine ambayo ni kinyume cha hii, nayo pia sina budi kuitaja, maana watu wakisikia ya Quincy huondoka wakidhani dawa ni kuongea zaidi. Watsonville, California, Agosti 18, 2022. Cessna 152 ya mtu mmoja ilikuwa ikizunguka kiwanja, ikitua na kuruka. Cessna 340 ya injini mbili ikaja moja kwa moja kutoka mbali kwenye fainali ndefu, kwa kasi kubwa mno kwa mahali kama pale. Wote wawili walikuwa na redio, wote walijitangaza, wote walisikiana. Wa 152 alisema hadharani kwamba ataacha kutua kwa sababu mwenzake anamjia kwa kasi. Ndiyo maneno yake ya mwisho. Walikufa watatu. Redio ilifanya kazi yake yote siku ile.

Na mnara nao si dawa kamili. Machi 5, 2024, Nairobi, ndege ya abiria aina ya Dash 8 yenye watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo muda mfupi baada ya kuruka kutoka Wilson, uwanja wenye mnara na waongozaji wake. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walianguka katika mbuga ya Nairobi na kufa. Siku ile marubani wa Afrika Mashariki tulipigiana simu hadi usiku.

Turudi Serengeti. Kuanzia Julai mpaka Oktoba nyumbu wakiwa kaskazini, kila mwenye pesa duniani anataka kuwaona wakivuka mto Mara, na kila mmoja wao huletwa na ndege ndogo. Viwanja vimesogeleana, vingine ukiwa kwenye mzunguko wa kimoja unaiona changarawe ya kingine. Masafa yanajaa. Hapo ndipo unapoona faida ya kulitaja jina la kiwanja mara mbili, mwanzo na mwisho. Wengi wetu tuna pupa ya kuanza kusema kidole kikiwa bado hakijabonyeza, na neno la kwanza, ambalo ni jina la kiwanja chenyewe, linabaki mdomoni. Redioni inatoka "…fainali, njia sifuri tisa." Fainali ya wapi?

Halafu kuna wanyama. Kabla ya kutua mara nyingi tunapita chini juu ya njia kufukuza swala au kuhakikisha twiga hajasimama kwenye kona ambako haonekani. Wewe umepita kufukuza swala, aliye nyuma yako amekuona ukishuka hadi futi chache, kwake umetua. Anakuja. Wewe unapanda tena na kugeuka kushoto, moja kwa moja mbele ya pua yake. Vitabu vingi vya mafunzo havina swala, kwa hiyo hakuna sentensi rasmi ya kutangaza jambo hilo. Mimi husema tu kwa maneno marefu: napita chini kwa ajili ya wanyama, SITUI, nitapanda na kugeuka kushoto. Yanachukua sekunde saba. Nazihesabu kuwa zimetumika vizuri.

Lugha nayo ina mtego. Redioni tunapaswa kutumia Kiingereza, na kwa kawaida tunatumia. Lakini ukimtambua rafiki yako kwa sauti, Kiswahili kinateleza chenyewe: "Kaka, nakuona, niko nyuma yako, we tua tu." Nimefanya hivyo, nakiri. Ni kitamu na ni kifupi. Tatizo ni yule rubani wa tatu, mgeni aliyekuja kwa mkataba wa msimu mmoja, ambaye amesikia sauti mbili zikicheka na hajui kama ziko juu yake au chini yake. Ukipiga hodi kwa lugha ya chumbani umemwambia rafiki na umejificha kwa mpitaji.

Sasa nisimulie la kwangu. Kiwanja sikitaji.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, ndege yangu aina ya Caravan imejaa, upepo wa mashariki, kwa hiyo tunatua kuelekea mashariki na jua liko mgongoni. Nilijitangaza dauniwindi, nikajitangaza beisi. Katikati nilisikia ile ile: "…fainali, sifuri tisa." Sauti niliijua, ya kapteni mmoja mkongwe, na kampuni yake siku zote hutua kiwanja cha jirani, ambacho njia yake inaelekea upande ule ule. Nikamweka kule jirani kichwani mwangu, nikaendelea. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Sikusikia jina la kiwanja, nikalijaza mwenyewe.

Nilitazama kulia kabla ya kuingia fainali. Kulia kulikuwa na jua tu, na nusu ya dirisha ilikuwa imezibwa na simu ya mtalii aliyekaa kiti cha mbele, akirekodi. Nikageuka, nikainyookea njia. Jua likiwa mgongoni, kivuli cha ndege hukutangulia kikikimbia juu ya nyasi, na mimi hukipenda kivuli changu, hukitazama kama mtu anavyotazama mbwa wake. Siku hiyo vilikuwa viwili. Cha pili kilikuwa kulia kidogo, na kilikuwa na makali kuliko changu. Kivuli chenye makali ni cha ndege iliyo karibu zaidi na ardhi. Alikuwa chini yangu.

Mkono ulifanya kabla ya mimi kufikiri. Nguvu zote, juu, kushoto. Nilipoinamisha bawa la kulia kumtafuta, nikaliona bawa lake jeupe likiendelea kushuka taratibu kwenye njia, bila wasiwasi wowote. Hakuwa ameniona kabisa.

Nilizunguka, nikatua dakika tano baadaye, magoti yakiwa maji. Kapteni alikuwa amesimama chini ya bawa lake akisaini karatasi. Nikaenda nimejaa maneno, lakini mtu umri wa baba yako huanzi na maneno.

"Shikamoo Kapteni."

"Marahaba. Kijana, ulikuwa wapi? Nimekusikia beisi, nikaangalia, sikuona kitu."

"Juu yako, Kapteni. Juu yako kabisa."

Akaacha kuandika. Akasema alijitangaza mara tatu, tena kwa jina la kiwanja. Nikamwambia, kwa heshima zote, jina halikutoka hata mara moja. Akabisha. Dereva wa gari la kambi, ambaye alikuwa na redio ya kusikilizia ndege zao zinapofika, akaingilia kwa sauti ya chini: "Samahani mzee, hata mimi nilisikia fainali tu." Sheria inasema aliye chini kwenye fainali ndiye mwenye haki, ila asiitumie kumkata mwenzake. Kwa sheria hiyo angeweza kunishinda mchana kutwa. Hakujaribu. Alininyooshea kikombe cha chai ya kwenye chupa, tukakaa kwenye ngazi ya ndege yake, na jioni hiyo kila mmoja aliandika taarifa yake.

Lakini lililonikalisha macho usiku si la kapteni. Wakati abiria wanashuka, yule mtalii wa kiti cha mbele alinishukuru sana. Alisema ilikuwa nzuri mno, ndege mbili zikishuka pamoja, akadhani ni maonyesho tuliyopanga kwa ajili yao. Alinionyesha video. Sekunde kumi na moja nzima, ile ndege nyingine inaonekana kwenye simu yake.

Sekunde kumi na moja alikuwa nayo mkononi, sentimita arobaini kutoka bega langu.

Kwa hiyo siku hizi anayekaa kiti cha kulia nampa kazi. Namwambia kabla ya kuwasha injini: ukiona ndege, usikae nayo, niambie. Mwanzoni nilijaribu kuwafundisha mtindo wetu wa kuonyeshana kwa saa, ambapo mbele ya pua ni kumi na mbili na mkono wa kulia ni tatu. Kwa wageni ulifanya kazi. Kwa watu wa nyumbani ulinishinda siku ya kwanza. Mswahili ukimwambia saa mbili, kwenye saa yake mshale uko kwenye nane, yaani nyuma kushoto. Wakati mimi nilitaka atazame mbele kulia. Nikaachana na saa. Nawaambia wanyooshe kidole.

Wiki iliyopita alikaa pale mpishi wa kambi moja, anarudi kazini kutoka likizo, mara yake ya kwanza mbele. Aliichukua ile kazi kwa uzito wote. Tukiwa dauniwindi akanipiga begani.

"Kapteni, ndege!"

Moyo ukaruka. "Wapi?"

Akanyoosha kidole. Nilitafuta, nikatafuta, mpaka nikamwona: tumbusi mkubwa, ametandaza mabawa, anazunguka taratibu karibu kabisa na mahali ambapo ningekata beisi.

"Si umesema ndege?" akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nimemkodolea macho.

Nikamwambia ndiyo, nimesema ndege. Nikasogeza beisi mbele, tumbusi akatupisha. Mpaka tunatua alikuwa amenihesabia wanne: wa manyoya watatu, na Caravan moja iliyokuwa inaruka kiwanja cha ng'ambo, ambayo aliiona kabla yangu.

Nilipomsimulia mama kwa simu, alitaka kujua kama yule mpishi nilimlipa.